Fisi Kwenye Wimbo wa Neema

Wanakwaya, mfano wa leo unaanzia kwenu. Msishangilie mapema, maana hautaishia kwenu. Na ninyi wengine mnaojiambia kwamba mambo ya kwaya ni ya wanakwaya, kaeni vizuri tu, tutakutana mbele.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kwaya, katika mji mmoja wa baridi, ule wa watu kuimba wamevaa masweta chini ya joho. Jina lake silitaji, kwa sababu nikilitaja mtaacha mfano na kuanza kutafuta ukoo wake. Alikuwa mtu mzuri. Nalisema hili mapema ili msimhukumu njiani. Kwenye misiba alifika, kwenye mazoezi aliwahi, na wimbo ukimjia akiwa barabarani alisimama pale pale akiupigapiga kwa vidole pajani mpaka autie kichwani, watu wakimpita na kutikisa vichwa.

Mwalimu huyu alikuwa na programu ya kuandikia muziki kwenye kompyuta. Na si zile za kushika noti na kuiburuta mpaka kwenye mstari wake. Hii ilikuwa ya maandishi matupu. Unaandika herufi ya noti, unaweka namba ya urefu wake, unaendelea na nyingine, kama mtu anayeandika ujumbe kwenye simu. Ukimaliza unaiamuru, nayo inakupa vitu viwili kutoka kwenye maandishi yale yale: karatasi ya muziki iliyopangika vizuri, ya kusoma, na sauti ya kusikiliza. Karatasi kwa ajili ya macho, sauti kwa ajili ya masikio. Hapo naomba mpashike.

Sasa, ukitaka waimbaji wapunguze sauti, unaandika baada ya noti kijimstari cha mshazari na herufi p. Ukitaka waongeze, unaandika f. Herufi hizo asili yake ni Kiitaliano, lakini Waitaliano walikuwa mbali, na mwalimu alijua kufundisha. Aliwaambia watu wake hivi: "p ni pole, pp ni polepole. f ni fungua, ff ni fungua mlango na madirisha." Hata bibi wa alto ambaye noti kwake zilikuwa kama sisimizi, alishika. Na alama hizi zina tabia moja: ukishaiandika, inatawala. Ukimwandikia mtu pp kwenye noti moja, ataimba polepole noti hiyo, na inayofuata, na inayofuata, mpaka wewe mwenyewe uandike kitu kingine. Alama haichoki yenyewe.

Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia. Mwalimu akatunga wimbo wa neema, mzuri kweli, na ubeti wa solo akampa mama mmoja fundi cherehani. Mama huyu alikuwa na sauti. Akianza kuimba, hata wale waliokuja kanisani kwa sababu ya wake zao waliinua vichwa. Na mdomo alikuwa nao pia. Mungu alipompa kimoja hakumnyima cha pili.

Huo ubeti aliuomba mwenyewe. Alimfuata mwalimu baada ya mazoezi akamwambia, "Mwalimu, baba yangu amekubali kuja sikukuu. Tangu niolewe huku hajawahi kunisikia nikiimba. Na masikio yake yameanza kumwacha. Mwakani sijui kama atanisikia hata nikimwita." Mwalimu akasema, "Ubeti ni wako, dada. Mzee atakusikia." Hilo lilikuwa neno la mwanaume, na alilitoa kwa moyo mmoja.

Basi, mwalimu akaandika wimbo wake. Ukawa mrefu kidogo, ukataka kumwagika kwenye karatasi ya pili. Naye hakutaka karatasi ya pili, kwa sababu mnawajua waimbaji na kugeuza kurasa. Akabana mistari. Alama zikakosa pa kukaa, akazisogeza kwa mkono, hii kulia kidogo, ile chini kidogo. Akachapa. Akagawa.

Mazoezini mama akashika karatasi, akavuta pumzi, akaimba kama ilivyoandikwa. Wimbo ulisema, "Neema isiyo na mwisho." Lakini f moja ya waitikiaji, ile ya fungua, ilikuwa imesogezwa chini ikaenda kukaa kwenye mstari wa maneno ya mama, ikajibana pale pale mbele ya "isiyo." Na mama akaimba alichokiona: "Neema fisiyo na mwisho."

Akasimama. Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Mwalimu, samahani," akasema, "huyu fisi ametokea wapi? Neema yote hii tuliyoisubiri, ndiyo tumwachie fisi?"

Mnacheka. Na wao walicheka. Besi waliinama wakashika magoti. Mwalimu naye alicheka, lakini ni kile kicheko cha meno tu, macho hayamo. Na mambo yangeishia hapo, kama watu wangekuwa na adabu ya kuyaacha hapo. Hawakuyaacha. Kesho yake mtu mmoja wa sauti ya teno alimkuta mwalimu sokoni akamwita, "Mwalimu Fisi, habari za toka jana?" Muuza nyanya akasikia. Muuza nyanya akishasikia, nani tena hajasikia? Na mnajua mwanaume mzima akiitwa fisi watu wanawaza nini, hawawazi muziki. Mkewe aliulizwa saluni, kichwa kikiwa kwenye povu: "Eti shemeji anaitwa fisi, amefanya nini?" Akarudi nyumbani na swali lile lile, na nywele hazijakauka.

Wanasema maneno matupu hayavunji mfupa. Waliosema hivyo hawakuwahi kuitwa fisi sokoni.

Mwalimu akafungua kompyuta kurekebisha. Ile f akaipandisha juu, mbali na maneno, kazi ya dakika moja. Ilikuwa imekwisha. Lakini mkono wake haukufunga kompyuta. Ulishuka mpaka kwenye mstari wa solo, kwenye noti ya kwanza ya ubeti wa yule mama, ukaandika kijimstari cha mshazari na pp. Kisha ukaenda kwa kwaya nzima wanaomwitikia, ukaandika ff. Hakumtukana mtu. Hakumnyang'anya ubeti. Herufi mbili huku, herufi mbili kule, basi.

Mazoezi yaliyofuata mama akaona. Akainua mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu, mimi hapa nimeandikiwa polepole, na wenzangu wamefunguliwa mlango na madirisha. Nitasikika kweli?"

"Ndivyo muziki unavyotaka, dada."

"Muziki, au wewe?"

Mwalimu akainua mkono kuanzisha wimbo. Mama akaimba polepole kama alivyoandikiwa, akafunikwa, akakunja karatasi, akaondoka kabla ya sala ya kufunga. Wiki iliyofuata hakuja. Na sikukuu ilikuwa inakuja, na baba yake alikuwa ameshaambiwa.

Mchungaji wao akasikia. Si mimi, msinitazame. Akawaita wote wawili ofisini. Mama ndiye aliyeanza. Akasema, "Mwalimu, utani wangu ulivuka mpaka. Sikujua jina lile lingetoka nje ya mlango wa kanisa, sembuse kumfikia wifi saluni. Nimekuumiza mbele za watu. Nisamehe." Mwalimu akalia. Nataka mlielewe hili, wapendwa: machozi yale yalikuwa ya kweli. Akasema, "Yameisha, dada. Hata mimi nimekukosea. Ile alama nitaifuta leo." Wakashikana mikono, wakaombewa, wakanywa chai ya mchungaji na maandazi. Mmeshahudhuria upatanisho wa namna hii? Mzuri sana. Mtu anatoka pale anajiona mwepesi.

Mwalimu akafika nyumbani mwepesi hivyo hivyo, akafungua kompyuta. Ile pp ipo, imekaa, inamtazama. Kuifuta ni kubonyeza kitufe mara chache tu. Akaweka kidole juu ya kitufe. Ndipo wazo likaja, taratibu, na heshima zake zote: "Na akirudia?"

Sasa ile programu ilikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni kufuta: alama inatoka kwenye maandishi, haipo tena. Njia ya pili ni kuficha: alama unaiacha ilipo, ila juu yake unaandika amri moja fupi kwamba isionekane kwenye karatasi. Kufuta na kuficha. Mdomoni ni majirani. Ukishachapa karatasi, hakuna jicho la binadamu linaloweza kukuambia umetumia njia ipi, kwa sababu karatasi ya aliyefuta ni safi, na ya aliyeficha ni safi vile vile.

Mwalimu akaficha. Alijiambia si kwa ubaya. Alijiambia, akiba haiozi. Akachapa karatasi mpya, nyeupe pale palipokuwa na pp, na akarekodi ile sauti ya kompyuta akaituma kwenye grupu la kwaya ili watu wajifunze. Kisha akasahau. Ndugu zangu, hapo pananitisha kuliko kote: alisahau. Kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akitazama ile karatasi safi kila siku, na karatasi ilimwambia kwamba amesamehe.

Mama akapokea karatasi yake, akaona palipokuwa na alama pako wazi. Akasema, "Asante, Mwalimu." Na kuanzia siku hiyo mtu akimwita mwalimu lile jina mbele yake, alimkatiza: "Hilo jina nililianzisha mimi kwa ujinga wangu, na nimelizika. Usimfukue maiti wangu." Jina likaanza kufa mjini.

Lakini mama huyu, kama wengi wenu, noti alizisoma kwa kubahatisha. Wimbo alijifunza kwa masikio. Aliweka simu kando ya cherehani, akawa anashona anasikiliza. Na ile sauti, ilitoka kwenye nini? Kwenye karatasi? Haikutoka kwenye karatasi. Ilitoka kwenye maandishi. Na kwenye maandishi ile pp ilikuwa bado hai, inatawala.

Kwenye mazoezi akawa anaimba polepole. Mwalimu akasikia, akajiambia anaitunza sauti kwa ajili ya siku yenyewe. Kwa nini hakumuuliza? Kwa sababu watu waliopatana juzi huogopana. Kila mmoja anatembea kwa vidole, kama sakafu imetoka kupigwa deki. Naye mama kwa nini hakuuliza? Sababu ni hiyo hiyo. Alishauliza mara moja, akajua kuuliza kulimfikisha wapi.

Sikukuu ikafika. Mzee akaja kwa basi la alfajiri, amevaa koti lake la kanisani, akakalishwa benchi la mbele kabisa, kofia magotini, sikio lile zima kidogo limeelekezwa kwa kwaya. Wimbo ukaanza. Kwaya ikafungua mlango na madirisha. Ukafika ubeti. Mama akaingia, laini, mzuri, na chini kabisa. Mwalimu akainua kiganja: panda. Mama akaona mkono, akatazama karatasi, akatazama mkono tena, uso umejaa maswali. Mwalimu akainua mikono yote miwili. Alipoanza kupanda, ubeti ulikuwa umekwisha, na kwaya ikamfunika.

Watu walipiga makofi. Watu hupiga makofi kwa vyovyote.

Nje ya kanisa mzee akamshika mwalimu mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu, hongera sana. Kwaya yako nimeisikia vizuri, hasa hawa wa sauti nzito. Sasa binti yangu yeye ataimba saa ngapi? Nisije nikapitwa."

Mama alikuwa amesimama pembeni yake. Akamwinamia sikioni. "Nimeshaimba, baba."

"Eti?"

"Nimeshaimba."

"Aa," mzee akasema. "Basi ni masikio yangu haya. Msinijali, wanangu. Ni masikio yangu."

Mwalimu akamvuta mama kando. "Dada, imekuwaje? Karatasi ilikuwa safi. Mkono nimekuinulia. Mbona umeimba vile?"

Mama hakupandisha sauti. Akasema, "Karatasi niliiona, Mwalimu. Lakini mimi nilijifunza kwenye ile sauti uliyotutumia. Kila ikifika kwangu, inazama. Nikadhani simu yangu mbovu. Nikaiweka kwenye simu ya jirani, ikazama vile vile. Nikasema, basi, karatasi ameiandika ili watu waone. Hii nyingine ndiyo aliyoniandikia mimi. Nikaimba ulivyotaka."

Akaenda kumshika baba yake mkono, wakaenda kula.

Mwalimu alirudi nyumbani akafungua kompyuta, akaifuta ile pp, na ile amri ya kuificha akaifuta pia. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Akabonyeza ili asikilize, na ubeti ule ukapanda kwa mara ya kwanza jinsi ulivyotungwa kupanda. Alikuwa peke yake chumbani. Mzee alikuwa ameshapanda basi.

Sasa tufunge kompyuta ya watu, tuje kwetu.

Je, yule mwalimu alisamehe, au hakusamehe? Msijibu haraka. Alilia. Alishika mkono. Aliombewa. Alikunywa chai. Alichapa karatasi mpya. Ungemuuliza katikati ya wiki ile, "Una neno na yule mama?" angekuapia kwamba hana, na wala asingekuwa anadanganya. Aliamini karatasi yake. Na sisi je? Karatasi zetu si safi? Humu ndani nani ambaye nikimuuliza sasa hivi kama ana kinyongo, atasema ndiyo? Hakuna. Sote ni weupe kama shuka jipya.

Lakini mama, ile siku mkeo alipokosea mbele ya ndugu zako, ukasema "yameisha," mbona tangu siku ile ndugu wakija wewe ndiye unayejibu maswali anayoulizwa yeye? Samahani, nimesema mama. Nilikuwa namwambia baba. Na wewe mama nakuja kwako: mwanao alidanganya mwaka ule, ukamchapa, ukamkumbatia, ukamwambia umesahau. Mbona hadi leo akisema alikuwa kwa shangazi, unampigia shangazi? Na wewe kijana, simu ya kaka yako ikiita, kwa nini unaiacha iite kidogo kwanza? Si mlipatana? Si mlipiga picha mkiwa mmekumbatiana, na tukaiona sote?

Hatumtukani mtu. Hatumfukuzi. Kiti chake kipo. Ubeti wake tumemwachia. Tumempunguzia sauti tu. Na tukiulizwa tunainua mikono yote miwili, "Panda, ndugu, panda, nani amekuzuia?" Naye anatutazama kwa uso uliojaa maswali, kwa sababu anachokisikia kutoka kwetu si hicho anachokiona.

Basi mtu atajuaje kama amefuta au ameficha? Nitawaambia, na ni rahisi, na ndiyo maana ni vigumu. Usiitazame karatasi yako. Karatasi yako uliichapa mwenyewe. Nenda kwa yule uliyemsamehe, umuulize, "Ukiwa na mimi unasikia nini?" Yeye ndiye mwenye masikio. Akisema, "Bado nazama," usimwambie masikio yake mabovu. Kuna mzee mmoja aliyalaumu masikio yake bure.

Wengine mtasema, "Mchungaji, naweka akiba kidogo tu, binadamu hawaaminiki." Sawa. Lakini fikiri Mungu naye angekuwa na akiba ya namna hiyo juu yako. Akuoneshe karatasi nyeupe Jumapili, akuache uimbe, halafu kila ukifika kwenye jambo la maana maishani ujikute unazama na hujui kwa nini. Ungemwita Baba? Hakutufanyia hivyo. Alipotusamehe alikwenda mpaka kwenye maandishi, akatoa. Ndiyo maana tunathubutu kufungua vinywa humu ndani, tukiwa hivi tulivyo.

Wanakwaya, nimeona mmeshika karatasi mkitaka kusimama. Kaeni kwanza. Wimbo unaofuata tutauchelewesha. Kila mmoja wetu kuna jina limemjia tangu nilipoanza kusema, na wengine limewajia mkalirudisha. Kama mwenye jina yumo humu, inuka uende alipoketi, umuulize lile swali. Kama hayumo, simu mnazo, na leo tu nawaruhusu kuziwasha kanisani. Mimi mke wangu ameketi pale benchi la tatu. Naanza.